Mkono wa Kaka Yangu Quintin

Alizaliwa Machi, kondoo wakizaa.
Baba, alipoitwa ndani amwone mwanawe,
alijibu kutoka zizini, "Subirini,
nina mapacha humu wamelala vibaya."
Hivyo ndivyo Quintin Milroy alivyoingia duniani:
wa tatu kwenye foleni.

Akiwa na miaka tisa mkono wake ulikuwa mwembamba kama mpini wa kijiko.
"Tuleteeni mkono wa Quintin," majirani walipiga simu usiku wa manane,
kana kwamba huning'inia msumarini
kando ya kamba na koti la mvua.
Aliuzamisha hadi kiwiko, macho kafumba,
akasoma gizani: huu mguu, hiki kichwa, huu mguu wa mwenzake.
Mimi nilishika kurunzi.
Siku zote mimi ndiye nilikuwa wa kurunzi.

Kisha mwaka ule wa ugonjwa wa miguu na midomo.
Walikuja wenye mavazi meupe na karatasi.
Kwetu hakukuwa na mgonjwa hata mmoja; alikuwa kwa jirani,
na ramani haijui ukuta wa mawe.
Mia nne na sitini, kabla ya chakula cha mchana.
Baba alihesabu kwa hesabu ya kale ya wachungaji
ambayo hufika ishirini tu, kisha huanza upya,
akaanza upya, akaanza upya.
Moshi ulilala bondeni siku tano.
Shuka tulizoanua zilinuka nyama asiyeitaka mtu.

Quintin hakulia. Alinyoa ndevu,
akavaa suti ya harusi ya baba, akaenda ukumbini Dumfries.
Hakuwa msemaji. Alikohoa, akasema,
"Aliyeandika amri ile hajawahi kufungua lango."
Akaketi.
Mkono mtupu haulambwi, lakini wake ulikuwa na chumvi:
wakaulamba, wakampa kura.

Kwanza halmashauri: mashimo barabarani, basi la shule.
Kisha Bunge, Edinburgh.
Ijumaa alishuka treni Lockerbie viatu viking'aa,
akala supu ya shayiri amesimama,
simu ikimlilia mfukoni kama mwana-kondoo aliyepotelewa na mama.
Alirudi na maneno: mchakato, wadau, kwa wakati mwafaka.
Nilimwambia, ukisema "wadau" mezani kwangu hupati viazi.

Mwaka wa kumi na tatu wakampa wizara.
Novemba, karatasi ikamfikia:
ng'ombe wa Ailie McClymont, bonde la pili kutoka kwetu,
wale weusi wenye mkanda mweupe,
kama watu waliojifunga taulo wakitoka kuoga.
Mmoja aliugua. Juu ya ramani, duara.
Nilimpigia. Hakupokea. Nikampigia tena.
"Netta, nimesoma usiku kucha. Wataalamu wako sahihi."
"Najua wako sahihi. Waulize kama wana lango."
Kimya. Nilisikia kalamu,
au nilidhani nimesikia.

Ailie hakumtukana; ingekuwa nafuu.
Mnadani alimgeuzia mgongo polepole,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.
Mei, kaka yangu alishindwa kwa kura mia mbili na kumi na moja.
Bonde letu lina wapiga kura mia mbili na kumi na nne.
Mimi nilimpa yangu.
Bado najiuliza wale wawili ni kina nani.

Sasa amerudi. Vidole vimenenepa,
kucha safi mno kwa nyumba hii.
Usiku wa jana kondoo alikwama, saa tisa, theluji ikiteleza paani.
Alikunja shati, akajaribu, akajaribu,
akautoa mkono akautazama kama barua iliyokosea anwani.
Nikamwamsha Mysie, mjukuu wangu, miaka tisa,
akaja na gauni la kulalia na mabuti ya mama yake.

"Kushoto kidogo, baba mkubwa, sioni,"
akasema mtoto, amefumba macho.
Na Waziri wa zamani akasogeza kurunzi kushoto.